Pikipiki ya Mjomba na Chumba cha Mwali

Juzi nilikuwa Mlingotini, ndugu wakibomoa nyumba ya bibi ya udongo ili wajenge ya matofali. Chumba cha uani kilipoangushwa vumbi lilinipanda puani, na harufu ile ikanirudisha, ndugu yangu, mpaka mwaka niliovunja ungo.

Zamani zile mjomba alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, nyeusi, ya silinda moja, aliyoinunua kwa bwana shamba wa Kizungu aliyekuwa akirejea kwao. Haikulia kama hizi bodaboda za leo. Ile ilikohoa kutoka kifuani, taratibu, na vikombe vya bibi vikagongana kabatini. Kila Idi, maji yakishakupwa, mjomba alishindana na mwenye duka mmoja wa Bagamoyo, naye alikuwa na yake ya Kiingereza, kwenye mchanga mgumu wa pwani. Mimi nilisimama mwisho wa mbio kupunga kanga.

Mwaka huo nilikuwa ndani. Bibi alinifungia chumba cha uani, somo yangu, mama wa kunifunda, akija asubuhi kunisinga mwili kwa msio wa manukato. Dirisha dogo lilizibwa kwa gunia. Hata Idi ilinikuta humo. Nililetewa pilau kwenye sinia, mlango ukafungwa tena. Nikakaa kitandani kusikiliza. Nilizisikia pikipiki zote mbili zikiondoka, ya mjomba ikiwa mbele, nina hakika. Ghafla mlio wake ukakatika. Watu wakapiga mayowe.

Niligonga mlango mpaka viganja vikavimba. "Bibi, nifungulie! Mjomba ameanguka!"

"Mwali hatoki," bibi alijibu, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga laini, pikipiki ikamlalia mguu. Mganga wa mifupa alimfunga vibanzi, mjomba akalazwa chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo mchana, bibi akisinzia barazani, tuliongea.

"Mwali, umelala?"

"Sijalala. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimechoka kutazama makuti."

Siku moja nilimwambia nahisi humu ndani nitakufa. "Basi njoo tuiwashe pikipiki," akasema. Akanifundisha, sauti yake ikipita juu ya ukuta: fungua petroli, bonyeza kidude cha kabureta mpaka kidole kilowe. "Usiipige kiki kwa hasira. Isukume taratibu mpaka ikukatalie. Hapo ndipo penye pumzi yake. Ipitishe kidogo, iachie irudi juu, kisha shuka na mwili wako wote." Nami nikashika ukingo wa kitanda, nikashuka na mwili wote, mguu ukikanyaga hewa. Tuliiwasha hivyo kila mchana.

Siku ya kutolewa nilivikwa kanga mpya na dhahabu ya kuazima, wanawake wakipiga ngoma. Jua liliniumiza macho. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa karibu na baraza, na mjomba amesimama kando yake kwa magongo. Alinitazama, akasogea kunipisha. Nikaikunja kanga. Nikasukuma kiki mpaka ikakataa, kisha nikashuka. Kiki moja tu, ikawaka! Ngoma ikanyamaza. Mtetemo ulinipanda toka mikononi mpaka menoni.

"Zima," bibi alisema.

Nikazima.

Mwaka haukupita nikaolewa Makurunge. Mguu wa mjomba haukukunjika tena, akaiuza pikipiki kwa bwana mmoja wa Dar anayependa vitu vya kale. Habari hizo zilinifikia nikiwa jikoni na mtoto mgongoni, nikaendelea kukuna nazi kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri.

Sasa mjomba hayupo, na mwenye duka naye hayupo. Majuzi nilijaribu kumwigizia binti yangu ile sauti ya pikipiki. Nilivuta pumzi, nikakohoa kutoka kifuani, taratibu. Binti akacheka sana, kisha akaniuliza kama naumwa.