Fonti nene yenye mistari kama uzi, na kioo cha duka la magauni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mie humu huwa nasoma tu, kuandika naona aibu. Leo naandika, na chumvi sitii.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nipo kidato cha tatu, likizo nashinda kwa mjomba wangu Kariakoo. Anatengeneza mabango na stika za vioo vya maduka.

Akaja mama mmoja, Bi Zuhura. Kesho yake anafungua duka la magauni ya harusi mtaa wa pili, anataka maandishi ya kioo. Mjomba kazidiwa na kazi, akaniambia hiyo nifanye mimi.

Jamani, kazi yangu ya kwanza.

Kuna fonti nilikuwa naipenda kimyakimya, ya vichwa vya habari. Herufi ina mguu mnene mweusi tii, halafu inaunganishwa na mstari mwembamba kama uzi wa cherehani. Nikaona hii ndiyo ya bibi harusi.

Mjomba akachungulia. "Hii herufi upande mmoja imeshiba pilau, upande wa pili haijaonja kitu."

Nikacheka, nikaendelea.

Sasa Kariakoo mnaijua. Kioo lazima kiseme kila kitu: magauni ya harusi, shela, viatu, tunakodisha, jumla na rejareja, karibuni wote. Nikayabananisha yote. Kwenye kompyuta yakapendeza.

Mashine ya stika ikazikata herufi. Kuja kubandua stika ya ziada inayozunguka herufi, ile mistari myembamba ikaondoka nayo. HARUSI ikabaki miguu mitupu, kama nguzo za uzio ulioibiwa waya.

Mjomba akasema basi, turudi kwenye herufi zetu za kila siku, muda hakuna.

Iliniuma. Na kubishana na wakubwa sijui. Lakini Bi Zuhura alikuwa pale pale kwenye stuli, na soda yake. Nikamwambia huku naangalia sakafu:

"Mama, fonti hii inataka ukubwa. Tukiacha jina lako tu, lijaze kioo, ule mstari nao utanenepa. Hautachanika."

"Na watu watajuaje nakodisha?"

"Gauni wataliona dirishani. Wataingia wakuulize."

Mjomba akaguna. Bi Zuhura akamgeukia. "Kumbe huyu anaongea. Haya, kata jina tu."

Tukakata ZUHURA. Nikabandua taratibu, pumzi nimebana. Hakikutoka hata kipande. Jioni mjomba akalibandika mwenyewe, akarudi nyuma hadi barabarani kulitazama, pikipiki ikampigia honi.

Nilichojifunza: fonti ya kichwa cha habari usiibebeshe habari yote. Na ukiwa na wazo, liseme hata kama sauti inatetemeka.

Wenye uzoefu na stika, nyie mistari myembamba mnaifanyaje? Nielekezeni, nasoma zote.

Kesho yake asubuhi nilipita pale dukani. Bi Zuhura alikuwa nje na jirani yake, jirani anauliza nani kaandika vile. Nilitaka kupita kama sijasikia.

Nikasimama, nikawaamkia, nikasema ni mimi.