Koo Langu na Mtakatifu Blasio

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba mchanga kwa mgongo huu, na leo nina maduka mawili ya mabati na misumari Kawangware, na nyumba ya ghorofa pale Satellite ambayo ramani yake niliichora mwenyewe kwa kalamu ya seremala. Moto nimeona, mafuriko nimeona, wezi nimewafukuza kwa nyundo. Lakini mshumaa ukizimwa karibu nami, nikanusa ile nta, mkono wangu unapanda wenyewe kushika koo. Wafanyakazi wangu hudhani ni maringo. Nyinyi nitawaambia ukweli, wao hapana.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Lindi, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Mama alikuwa anakaanga mgongo wazi na kuuza kando ya njia: ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua mnofu, nyama kidogo imeng'ang'ania uti, tamu kushinda mnofu wenyewe. Sheria yake ilikuwa moja, na aliitangaza mbele yetu watoto wote watano: samaki wa biashara haguswi, na atakayemgusa atapanda basi arudi ushago kuchunga ng'ombe wa babu.

Mimi nilimgusa. Nilimla nyuma ya choo, haraka haraka, masikio yakiwa njiani, na mfupa mmoja ukakaa kooni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Siku mbili nilimeza mate kwa machozi. Ugali niliugeuza geuza mdomoni, kisha nikautemea kuku.

Mwalimu wetu wa katekisimu alikuwa na desturi ya kutusimulia maisha ya mtakatifu ambaye sikukuu yake imekaribia. Juma hilo zamu ilikuwa ya Blasio, askofu aliyeuawa kwa ajili ya imani. Akipelekwa gerezani, mama mmoja alimkimbilia na mtoto aliyekabwa na mfupa wa samaki. Akamwombea, mtoto akapona. Ndiyo sababu, mwalimu akasema, kila tarehe tatu Februari padri huweka mishumaa miwili, imepishana kama msalaba, kwenye koo za waumini.

Nani alikuwa amemwambia habari zangu? Halafu nikashika jambo moja: yule mtoto alipelekwa na mama. Kwa akili yangu ya darasa la tatu nikaona wazi kwamba bila mama, baraka haishiki. Na mama yangu mimi, nikimwambia, baraka nitaisikia nikiwa kwa basi.

Kesho yake, tarehe tatu yenyewe, Mama Zaitun, Mnubi aliyekuwa mwenye nyumba wetu, alinikuta nimeegemea ukuta wake.

"Wewe kijana, mbona unameza mate kama kuku akinywa maji?"

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuniuliza kwa huruma. Nikamwomba awe mama yangu kwa siku moja.

"Mimi ni Mwislamu, wewe!"

"Mwalimu hakusema yule mama alikuwa dini gani."

Akaniambia nimngoje pale, akaingia ndani. Alikaa kidogo. Alipotoka alikuwa amejifunga gurbaba lake jipya la maua, lile vazi la Kinubi la harusini, na ndizi mbili mkononi. Tulipita Kianda, tukavuka barabara kubwa, tukaenda kwa miguu mpaka kanisa moja la Kawangware ambako hakuna aliyetujua. Njiani alinilazimisha kumeza ndizi vipande vikubwa bila kutafuna. Mfupa ulikataa.

Kwenye foleni, bibi mmoja mwenye rozari alilitazama lile gurbaba juu mpaka chini.

"Mama, hii ni foleni ya koo."

"Na mimi nina koo," Mama Zaitun akajibu, akasonga mbele.

Padri alikuwa mzee, mikono inamtetemeka. Mishumaa ilikuwa baridi shingoni mwangu, nta inanukia, utepe mwekundu ulioifunga unanitekenya. Nikajizuia, nikashindwa. Nilikohoa kikohozi kilichogonga mabati ya kanisa, na mfupa ukarukia kiganja cha Mama Zaitun, mdogo kama ukucha wa mtoto. Nikameza mate. Yakapita! Nikameza tena, na tena, nikicheka na kulia. Bibi wa rozari akapiga magoti. Kama ni Blasio, kama ni ndizi, kama ni utepe, mpaka leo sijui, na sigombani na mtu.

"Mtu wenu anajua kazi," Mama Zaitun akasema.

Jioni mama alinipa uji laini, uliopoa, bila kuniuliza kitu. Nikajiona mjanja wa Nairobi nzima.

Huo ujanja nilitembea nao zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana nilikuwa nawaambia wageni sebuleni kwangu kwamba mimi sijawahi kushikwa mkono na mtu, na mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unafikiri Mama Zaitun aliingia ndani kufanya nini? Mimi nilikuwa huko, nalia. Siku mbili nilikuwa nakuona. Kama ningekupeleka mwenyewe, ingekuwa nimekiri kwamba najua umekula samaki. Na nikishakiri, ningelazimika kukupandisha basi, kwa maana niliapa mbele ya ndugu zako. Nikamwomba akupeleke."

Yeye aliogopa kunipoteza mara mbili, kwa mfupa na kwa kiapo chake, na akatafuta njia katikati. Nami njia hiyo nikaiita ujanja wangu.

Niliuliza kwa woga kama Mama Zaitun bado yuko hai. Yuko, mama akasema, Lindi palepale. Sikungoja chai. Nilimkuta mlangoni anachambua mchele, macho yamefifia, ulimi bado. Nilipomwambia asante alisema nimechelewa, lakini mchele haujaiva, kwa hivyo nikae.

Nilikuwa nimejiandaa kutoa pesa nyingi, alizikataa zote. Kwa hivyo deni la maisha yangu lilinigharimu nauli ya boda boda, kwenda na kurudi: shilingi mia tatu.