Walii Asiyeikumbuka Nikaha

"Mrudishe ndani, Marhoon! Kaanguka, kainuka, yamekwisha!"

Kheiria hajapata kumnyamazia kakaake, na Ijumaa ile kwenye kiwanja cha raga Darsait hakukusudia kuanza. Zilibaki dakika ishirini za mchezo. Wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wamekaa palepale, madaftari mapajani. Shihab, mwanawe Kheiria, kijana wa miaka ishirini na moja, alikuwa kagongwa kichwa, akalala kitambo, akaamka anadai mpira. Mjomba wake, ambaye ndiye kocha, akamtoa.

"Harudi," alisema Marhoon.

"Na wewe ukigongwa, ulirudi mara ngapi?"

Hilo halikuwa siri. Marhoon alipelekwa Leeds kusoma uhandisi, akaleta nyumbani shahada na pua iliyokwenda upande. Huko ndiko alikocheza raga ya watu kumi na tatu, misimu minne. Marehemu mama yao akiambiwa kwa simu mwanawe anacheza mpira, akidhani wa miguu, akistaajabu mpira gani huo wa kuvunja mbavu. Aliporejea akapata kazi ya kusimamia gereji Wattaya, na jioni akakusanya vijana kuwafundisha kukaba: bega chini, kichwa pembeni. Mwaka wa ishirini huu.

Kheiria akamsogelea. "Leo ndiyo siku yake. Ukimnyima, sikusamehe."

Marhoon akashusha sauti. "Siku ya nikaha yako, Kheiria, nilivaa nini?"

"Swali gani hilo? Joho la marehemu baba! Wewe ndiye uliyekuwa walii wangu wa kuniozesha. Ulikuja chumbani kuniuliza kama nnaridhia, ukalia mpaka somo yangu aliyenifunda akakupa kanga ujifute."

"Sikumbuki."

"Hukumbuki kanga?"

"Sikumbuki chochote. Jumamosi ya kabla yake nilipigwa kichwa kule Leeds, nikarudi kucheza. Jumatano nikapanda ndege, Alhamisi nikakuozesha. Picha nnaziona. Yule mtu mwenye joho najua ni mimi. Basi."

Miaka ishirini na miwili Kheiria amewahadithia watu kilio kile, na kakaake yuko pembeni anaitikia kwa kichwa!

"Sasa mimi kaniozesha nani?"

"Mimi. Kadhi alikuwepo, mashahidi walikuwepo, nikajibu kama mwenye akili zake. Kila nnachokijua cha siku ile nimekipata kwako."

Shihab akaja mbio. "Mjomba, niko sawa, wallahi. Mama, mwambie!"

Kheiria alimkazia macho mwanawe.

"Leo umekuja na nani hapa?"

Shihab akacheka. "Na baba. Kwani vipi?"

Yaqoob, baba yake Shihab, yuko Qurayyat tangu jana kwa mazishi. Aliyemleta kijana ni Kheiria mwenyewe, na njia nzima walikuwa wakigombana juu ya kiyoyozi cha gari.

"Mama? Mbona unaniangalia hivyo?"

"Kaa chini."

"Lakini wateuzi..."

"Nimesema kaa!"

Akapiga magoti vumbini na buibui lake jipya, akaanza kumfungua kamba za viatu. Fundo likamshinda, akaling'ata kwa meno mbele ya wateuzi na madaftari yao.

"Marhoon," alisema bila kuinua kichwa, "mtie garini. Hospitali. Na usukani nashika mimi."