Fundi Mwenzetu

Aibu hii mke wangu huifufua kila wageni wakikaa kula halwa, basi bora niisimulie mwenyewe kabla hajaitia chumvi.

Tulikuwa wageni Maskati, tumekuja kutoka Unguja, nami nimeshaposa. Siku ya akdi ya ndoa Ami Nasri, baba wa mchumba wangu, akaniazima Landrova yake (wakati huo gari zilikuwa za kutafuta) nikawachukue mashangazi wa bibi harusi kutoka mji wa Matrah. Sasa ile gari ilikuwa ikiupanda mlima wa Riyam, ulio njiani, kwa kukohoa, nami na kiherehere changu nikaona niitafutie fundi wa kuitia nguvu, mkwe ajue kapata mwanamme. Mafundi wa gari walikuwepo, Mabulushi wasiokuwa watu wetu, lakini mama akasema yuko mwenzetu wa Unguja, Seif. Tukampa kahawa, mama akamhoji: mtoto wa nani, mtaa gani, bibi yake nani. Kumbe bibi yake alikuwa jirani yetu Mkunazini! Mama machozi yakamtoka, mimi nikatoa ufunguo.

Seif akakaza huku, akalegeza kule, akang'oa na saylensa ya bomba la moshi (ati gari ipumue), kisha akapanda mbele na mimi, tukaenda kuwapakia mashangazi. Kwenye tambarare ikaruka kweli, mashangazi wakapiga vigelegele. Katikati ya mlima ikapiga mshindo, ikajaa moshi, ikazima, ikaanza kurudi nyuma, mashangazi wanatoa shahada, mpaka ikaegemea jabali. Wakashuka nyuso masizi, na watu waliopanda punda wakatupita wakitutolea salamu.

Habari zikamfikia Ami Nasri, akaja kwa miguu.

"Nani kaichezea gari yangu?"

"Fundi huyu, ami."

"Ufundi kausomea wapi?"

Nikababaika. "Bibi yake... wa Mkunazini."

"Mie Unguja nilikuwa natengeneza vyarahani," Seif akasema. "Wallahi hamkuniuliza."

"Basi yeye ndiye wa kulaumiwa, ami!"

"Yeye simjui. Ufunguo nilikupa wewe."

Nikaona mke ananiponyoka. Nikamwomba asiivunje akdi. Akawatazama dada zake, akacheka bila kutaka.

"Nitakulaumu vipi? Ulipokuja kuposa nilikuuliza nini? Mtoto wa nani, basi."

Akatuoza jioni ile, ila ufunguo wake sikuushika tena. Nami nikaapa: fundi yeyote nitamuuliza anajua nini kabla ya kumuuliza baba yake nani. Mke wangu husema laiti baba yake angeapa hivyo mapema.