Yule Farasi Aliokoka Lini?

Mchungaji wetu hapa ughaibuni, Scarborough, alipiga marufuku ngoma kwenye harusi ya binti yangu. Eti mambo ya mizimu. Ngoma niliyotoka nayo Tanga kwa ndege, nimeipakata kama mtoto, ikashinda kwenye buti la gari huku wageni wakicheza nyimbo za kwenye simu.

Mwezi wa tano mchungaji huyo huyo akatupeleka bustanini, kwenye sherehe ya Waingereza ya kupokea majira ya joto. Huko walikuwa na farasi. Farasi gani! Jibaba zima lenye kitambi, limejifunika kitambaa cheusi mpaka miguuni, limebeba kichwa cha mbao kinachogonga meno kwa kuvutwa kamba, ko! ko!, linakimbiza wanawake. Kwetu mtu akitoka hivyo, ndugu zake wanamfuata kumrudisha ndani. Tukaambiwa mwanamke akifunikwa na kile kitambaa anapata bahati mwaka mzima, na kwamba mila hiyo ni ya kale kuliko makanisa yao.

Mchungaji alicheka mpaka machozi. Akamsukuma mkewe afunikwe, akampiga picha, akaituma kwenye kundi la kanisa na maneno haya: “Utamaduni ni kitu kizuri.”

Jumapili nilimngoja mlangoni baada ya ibada.

“Bwana asifiwe, mchungaji.”

“Amina, mama.”

“Nilitaka kuuliza tu. Yule farasi aliokoka lini?”