Chai ya Mchungaji Mpya

Ijumaa iliyopita, siku ya mapumziko na ya ibada yetu hapa Maskati, nilikaa nyuma kanisani na mwanangu, nikimsikiliza mchungaji wetu mpya. Alihubiri kwamba kiongozi wa kweli huwahudumia wengine. Tukaitikia amina. Ibada ilipokwisha akaketi, akanyoosha miguu. "Haya, akina dada, nani ananiletea chai?"

Dada mmoja, mfanyakazi wa ndani kama wengi pale, hakuinuka. "Mchungaji, Jumamosi mpaka Alhamisi namhudumia madamu na wageni wake. Siku yangu ya kukaa ni hii moja tu. Leo tuongoze wewe."

Mchungaji akainuka, akachukua chupa ya chai, akatumiminia sote. Sukari aliisahau. Tulikunywa hivyo hivyo, maana si vizuri kumkosoa kiongozi siku yake ya kwanza kazini.