Mgongo wa Mtoto wa Matambara

Juzi, baada ya arobaini ya bibi, tulikuwa tunaondoa vitu nyumbani kwake Ifakara. Chini kabisa ya sanduku lake la bati nikakuta mchoro wa kalamu ya risasi: mtoto wa matambara, kichwa duara, mikono imetanuliwa, sketi ya ukindu. Niliutambua mara moja, maana niliuchora mimi nikiwa darasa la nne. Nilitegemea nitalia. Wapi! Nilisimama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Enzi zile mpunga ukikaribia kuiva tulihamia shambani, kule bondeni, kuamia ndege. Asubuhi tulipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikauke. Mchana ndege wakitulia, tulikula wali kwa perege wa kuchoma, na bibi akapanda kwenye dungu, kilingo cha kulindia ndege, kutengeneza watoto wa matambara, mmoja kwa kila mjukuu wa kike. Alikata khanga zilizochakaa za nyumba nzima, akajaza pumba, akafunga mgongoni kwa ukindu. Fundo moja tu, bila sindano. Ungeweza kumburuta mtoto huyo msimu mzima asifumuke. Bibi naye alifundishwa na mama yake.

"Weka hiyo kalamu, mama, njoo ushike hapa," aliniambia.

"Bibi, tulia kwanza nimalize."

Mwalimu alikuwa amenisifu kwa kuchora, basi kichwa kikavimba. Bibi akacheka, akamgeuza mtoto anielekee, nimwone vizuri. Msimu uliofuata ikawa hivyohivyo.

Sasa binti yangu wa miaka saba kauona mchoro, anamtaka huyo huyo. Nikanunua ukindu sokoni, nikachana khanga ya bibi. Mara tatu nilifunga, mara tatu pumba zikamwagika barazani. Nikamuuliza mama mdogo.

"Mimi nijulie wapi?" akashangaa. "Sisi tulijua amekufundisha wewe. Si wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye kutwa?"

Nilikaa naye, kweli. Nimebakiwa na sura tu, na fundo limeondoka naye. Ningeumia ingekuwa afadhali, lakini kifuani kimya.

Binti yangu akachukua karatasi, akaigeuza aone mgongoni palifungwaje. Nyuma kulikuwa na hesabu zangu za kugawanya, zote zimewekewa alama ya vema.